West Point au ROTC: njia mbili za kuwa ofisa Marekani

Cheo cha begani ni kilekile. Anayehitimu West Point, chuo cha Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, na anayepitia ROTC, programu ya kijeshi ndani ya vyuo vya kiraia, wote huanza kama maluteni usu wa Jeshi la Nchi Kavu. Tofauti iko kwenye miaka minne ya kabla.

West Point, iliyoanzishwa 1802, ni kambi kabla ya kuwa chuo. Hulipi ada, na posho unapewa, lakini kuingia ni kazi: pamoja na alama nzuri unahitaji kupendekezwa, mara nyingi na mbunge au seneta wa kwenu. Ukishaingia, kuoa au kuolewa sahau mpaka uhitimu. Kisha unalidai jeshi mshahara, nalo linakudai miaka mitano ya utumishi kamili.

ROTC, ya tangu 1916, inakuacha uwe mwanafunzi kama wengine. Alfajiri unakimbia na wenzako, saa nne uko darasani na wanaosomea uhasibu, jioni uko bwenini. Gwanda huvaliwa siku za mafunzo tu. Asiye na ufadhili anaweza kuonja miaka miwili ya mwanzo na kuondoka bila deni. Colin Powell, jenerali aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipitia huku, City College ya New York.

Kwa kijana ambaye bado anajiuliza, mimi ningemwelekeza ROTC. Ila pande zote mbili, mkazi wa Marekani asiye na uraia hapati kamisheni, yaani cheo cha uofisa. Kwa familia za wahamiaji, karatasi za uraia zishughulikiwe mapema.