Miaka mitatu na MacBook Air ya M1: uzoefu wangu

Nahariri video za harusi hapa Tanga, na maelezo ya sauti nayarekodi mwenyewe chumbani, usiku mtaa ukishatulia. Laptop yangu ya zamani ilikuwa ya Windows yenye prosesa ya x86, yaani ile aina ya Intel iliyozoeleka kwenye kompyuta nyingi. Nikifungua tu programu ya kuhariri, feni inaanza kunguruma na mngurumo wote unaingia kwenye maikrofoni. Fundi aliifungua mara mbili. Mara ya pili alitoa vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi.

Nikanunua Air ya M1, laptop ya Apple, iliyotumika, memori (RAM) GB 8. M1 ndiyo prosesa ambayo Apple waliitoa Novemba 2020 walipoanza kuachana na Intel. Usanifu wake ni wa ARM, kama prosesa za simu zetu: inakula umeme kidogo, inatoa joto kidogo, kiasi kwamba Air hii haina feni kabisa. Usiku wa kwanza nilivaa hedifoni nikasikiliza zile sehemu nilizonyamaza. Nilisikia pumzi zangu tu. Nilifurahi mno. Umeme ukikatika jioni, naendelea na kazi mpaka nilale. Nikitoa video ndefu sana hupata joto na kupunguza kasi, lakini kazi inaisha.

Wasiwasi wangu ulikuwa programu. ARM haielewi maagizo ya x86, kwa hiyo Apple wameweka mkalimani, Rosetta 2. Programu yangu ya kusafisha sauti ilikuwa bado ya x86: mara ya kwanza ikoni ilirukaruka pale chini mpaka nikadhani imekwama, kisha ikafunguka, na tangu hapo inafunguka upesi. Ila Apple wametangaza kwamba baada ya macOS 27 (macOS ndiyo mfumo endeshi wa Mac) Rosetta itabaki kwa michezo michache ya zamani, kwa hiyo hakikisha programu zako zina toleo la ARM. Programu ya hesabu za duka la mke wangu ni ya Windows, na M1 haina Boot Camp, ile njia ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac. Ile laptop ya zamani sasa iko dukani.

Kabla hujalipa, fikiria memori. Imefungwa pamoja na prosesa, na diski imelehemiwa kwenye bodi, hivyo hakuna fundi wa kukuongezea baadaye. Tafuta ya GB 16 ukiweza. Yangu, nikifungua video ya 4K pamoja na kivinjari, inaanza kusuasua, na hapo hufunga kivinjari kwanza.