Epson Perfection V600 Photo: sifa yake iko kwenye lenzi, si kwenye ile 6400

Namba inayoiuza skana hii ni dpi (nukta kwa inchi) 6400, na ndiyo namba ambayo mwenye sanduku la picha za familia anaihitaji kidogo kuliko zote. Ikipimwa kwa chati ya mistari, V600 inatenganisha maelezo halisi ya dpi 1500 hadi 1600 hivi. Ukipanda zaidi ya hapo unaongeza pikseli bila kuongeza kitu cha kuona. Chukua fremu moja ya filamu ya milimita 35. Ukiiskani kwa 6400 unapata pikseli milioni 55 na faili la TIFF (lisilobanwa) la megabaiti 165, au 330 ukichagua rangi za biti 48 badala ya 24. Vuta uso wa mtu uliomo humo mpaka uone kope: ni zile zile ulizoziona kwa 3200, ila ukungu wake umekuwa mpana zaidi.

Kwa hiyo kwa nini bado tunaipendekeza? Kwa sababu ya kitu ambacho tangazo halikisemi. V600 ni skana ya CCD: taa ya LED inamulika picha, vioo vinaelekeza taswira kwenye lenzi, na lenzi inaipeleka kwenye kihisi. Skana nyembamba zinazopata umeme kupitia waya wa USB peke yake kwa kawaida ni za CIS, na kihisi chake kiko karibu kabisa na kioo. Karatasi bapa zinazisoma vizuri tu. Picha iliyojikunja ikainuka milimita chache, au iliyoganda kwenye ukurasa wa albamu, inatoka na ukungu pale ilipoinuka. Lenzi ya V600 ina kina cha kutosha kuisoma ikiwa kali. Na albamu za zamani zenye gundi, ambazo ukibandua picha unabandua na uso wake, ndizo zimebeba nusu ya kazi ya familia nyingi. Hizo usizibandue. Laza ukurasa mzima juu ya kioo, picha zikiangalia chini, kifuniko kiache wazi kidogo, funika kwa kitambaa cheusi kuzuia mwanga wa chumbani, skani. Picha iliyonatana na kioo cha fremu yake ishughulikie hivyo hivyo: futa kioo cha fremu, kisha skani pamoja nacho.

Kwa picha za karatasi, dpi 600 inatosha karibu kila mara. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inakupa pikseli 2362 kwa 3543, faili la megabaiti 25 hivi kwa TIFF ya biti 24. Picha 500 ni gigabaiti 13, kiasi ambacho flashi ya kawaida inakibeba. Panda hadi 1200 kwa picha ndogo tu, kama za pasipoti, ambazo mtu atataka kuzikuza. Milimita 35 kwa 45 zinatoa pikseli 1654 kwa 2126. Picha za nyeusi na nyeupe nazo ziskani kwa rangi. Ukiweka hali ya kijivu unapoteza rangi ya kahawia ya karatasi, na doa la chai linageuka kivuli ambacho baadaye hutaweza kukitofautisha na picha yenyewe.

Programu ya Epson Scan inafunguka kwenye hali ya kujiendesha yenyewe, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu kazi. Nenda kwenye Professional. Zima Unsharp Mask, ambayo huwa imewashwa tangu mwanzo. Ukali unaweza kuuongeza baadaye kwenye nakala, lakini ukishachomwa ndani ya faili hautoki. Acha pia Dust Removal, inayotia ukungu kila kidoa cheusi, mboni za macho zikiwemo. Kisha angalia histogramu, mchoro wa kilima unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha. Mrekebisho wa moja kwa moja unapenda kukata sehemu nyeupe: gauni la harusi lenye darizi linarudi kama karatasi tupu, na ukiligusa kwa kipima rangi unakuta 255, 255, 255, yaani nyeupe tupu. Sogeza kishale cha mwanga kulia mpaka kivuke mwisho wa kilima, au chagua No Color Correction. Picha itaonekana imepauka. Iache hivyo, hiyo ndiyo nakala mama, urembo unafanyika kwenye nakala nyingine.

Kitufe cha Color Restoration tunakipa nusu ya sifa. Picha za rangi zilizofifia mpaka zikawa nyekundu-zambarau kinazirudisha kwa sekunde, na kwa kutazama tu ni furaha. Kwa kuhifadhi, hapana, kwa sababu kinabahatisha kila picha kivyake na picha tano za siku moja zinatoka na ngozi za rangi tano.

Kioo ni cha milimita 216 kwa 297. Picha za 10 kwa 15 zinaingia tatu: mbili wima ubavu kwa ubavu, moja imelala chini yake. Acha milimita tatu ukingoni, maana ukingo wa kioo hausomwi, na nafasi kidogo kati ya picha na picha. Mwonekano wa vijipicha unazikata wenyewe, lakini hula pembezoni. Tumia mwonekano wa kawaida uchore fremu kwa mkono, uache mpaka mwembamba wa karatasi uonekane pande zote. Kabla ya yote hayo, vumbi: kipulizia cha mpira, brashi laini, kitambaa cha maikrofaiba kwa kioo. Usipulize kwa mdomo, mate hayafutiki kwenye picha. Maandishi ya nyuma yageuze uyaskani palepale, faili lipewe jina lile lile na herufi b mwishoni.

Kwenye negativu ndipo skana hii inapolipa. Toa mkeka mweupe ulio ndani ya kifuniko ili taa ya juu iwe wazi, kosa la kwanza la kila mgeni. Kishikizo kimoja kinabeba fremu 12 za milimita 35 au slaidi 4. Kingine ni cha filamu pana ya 120. Upande unaong'aa uangalie chini. Skani kwa 3200 kisha punguza kwa nusu. Matokeo ni safi kuliko kuskani kwa 1600 moja kwa moja. Kishikizo ni plastiki nyepesi na urefu wake kutoka kwenye kioo haurekebishiki, kwa hiyo filamu iliyojikunja inatoka kali katikati na laini kwenye kona. Ilaze kwanza siku mbili chini ya vitabu, ndani ya karatasi safi. Ikigusa kioo utaona mapete ya rangi kama ya mafuta juu ya maji. Filamu inayonuka siki usiipange foleni: asetati yake imeanza kuoza, inapinda na kusinyaa, na harufu hiyo haina dawa. Iskani leo, kisha itenge na nyingine.

Digital ICE, njia yake ya kuondoa vumbi na mikwaruzo, ni sababu ya pili ya kuinunua. Mzunguko mmoja unatumia mwanga wa infraredi, unaopenya rangi za filamu lakini ukazuiwa na vumbi na mikwaruzo. Programu inajua palipo na uchafu na kuziba hapo tu. Kwa negativu za rangi inaokoa saa za kuchota vidoa kimoja kimoja, ingawa fremu moja inaweza kuchukua dakika kadhaa. Kwa filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe izime kabisa. Fedha iliyomo kwenye filamu inazuia infraredi kama vumbi, programu inadhani uso wote wa mtu ni uchafu, na inauziba. Slaidi za Kodachrome, filamu ya zamani ya Kodak, nazo zinaleta shida ya namna hiyo, hasa kwenye vivuli vizito. Kwenye picha za karatasi ICE ipo pia, lakini inalainisha nyuso kupita kiasi, tunaiacha.

Kasoro nyingine. Sehemu angavu ya kifuniko ni ukanda wa sentimita 7 kwa 24 hivi, kwa hiyo negativu za inchi 4 kwa 5 haziingii kwa mara moja. Kwa hizo tafuta V850, skana kubwa zaidi ya Epson. Kioo cha V600 huweza kupata utando kwa ndani baada ya miaka, na ndani hakufutiki bila kufungua skurubu. Faili zinatoka na majina img001, img002, na tarehe yake ni ya siku uliyoskani, hivyo picha ya 1978 inajipanga kwenye simu kama ya wiki hii. Programu ya bure ya ExifTool inatibu hilo kwa amri moja:

exiftool -DateTimeOriginal="1978:06:15 12:00:00" picha.tif

Inabakiza faili la awali kwa jina linaloishia _original. Lifute baada ya kuhakikisha, la sivyo diski inajaa mara mbili. Kama mwaka ndio unaojulikana tu, andika 1978-00-00 mwanzoni mwa jina la faili badala ya kubuni siku. Na ukigawia ndugu kupitia programu za kutumiana ujumbe, tuma kama hati. Ikitumwa kama picha inabanwa na tarehe yote inapukutika.

Mwenye picha za karatasi 3000 bapa, zisizo na negativu wala albamu, V600 itamchosha bure. FastFoto FF-680W ya kampuni hiyo hiyo inameza rundo la picha 36, moja kwa sekunde kwa dpi 300, na inasoma nyuma na mbele kwa pamoja. Chembe moja ya vumbi kwenye kioo chake inachora mstari mwembamba kwenye kila picha inayofuata, kwa hiyo kagua kila rundo, na usiilishe picha iliyochanika au yenye gundi.

Ukiinunua V600 iliyotumika, nenda na tochi na kompyuta. Mulika kioo kwa ubavu utafute utando. Toa mkeka, weka kishikizo kitupu, skani kwa 1600: mwanga unatakiwa kuwa sawa, bila mistari inayotembea toka juu hadi chini. Mistari ikiwepo, futa kwanza sehemu ya kioo iliyo chini ya dirisha dogo la juu la kishikizo, skana inajipima hapo. Ikibaki, achana nayo. Na hesabu vishikizo vyote viwili, pamoja na vifuniko vyake vidogo vya filamu, ndivyo huvunjika kwanza.