Land Rover 109 ya Jeshi: Vipuri vya Mfumo wa Petroli na wa Kupoza Injini Vinavyostahili Fedha Yako

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninachambua vipuri na bidhaa zinazouzwa kwa ajili ya kufufua mfumo wa petroli na mfumo wa kupoza injini wa Land Rover Series III 109 iliyotoka jeshini. Gari mnaloliona hapa ni la matumizi ya kawaida, lenye umeme wa volti 12, si lile la kubebea redio lenye volti 24. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na injini hii ya petroli ya silinda 4 ina sentimita za ujazo 2286. Natanguliza msimamo wangu ili mnipime kwa huo: katika gari hili chuma cha zamani karibu kila mara kinashinda chuma kipya cha madukani, ilhali mpira na gasketi za zamani hazifai hata kidogo. Chuma kipelekwe kwa fundi, na fedha ya dukani itumike kununua mpira na gasketi bora kabisa zinazopatikana.

Tuanze na matangi. Gari la jeshi lina matangi mawili chini ya viti vya mbele, kila moja likichukua takriban lita 45, na koki ya kuchagua tangi la kutumia. Gari lililoegeshwa kwa miaka mingi huwa na kutu pamoja na utomvu wa petroli iliyooza, na hapo ndipo muuzaji anapokuletea dawa ya kupaka ndani ya tangi ili kutengeneza ngozi mpya. Sikushauri uinunue kama tangi lako halijatoboka. Dawa hiyo hushika vizuri pale tu bati lilipokuwa safi kabisa na kavu kabisa, jambo ambalo ni gumu kulithibitisha ndani ya tangi usiloweza kuliona lote. Isiposhika, hubanduka vipande vipande na kuziba bomba la kufyonzea, na kuiondoa ni kazi kubwa kuliko kuondoa kutu yenyewe. Lioshe tangi kwa maji ya moto na sabuni, uliache na asidi ya sitriki iliyoyeyushwa majini mpaka bati ling'ae, ulisuuze kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kisha ulikaushe mara moja kwa hewa, kwa maana bati tupu lenye unyevu hushika kutu upya ndani ya saa chache. Kama limetoboka, mtu yeyote asilisogezee moto tangi ambalo halijasafishwa mvuke wake wote. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko tangi lililojaa.

Kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu, petroli hufyonzwa, haisukumwi. Naomba mlizingatie jambo hili kwa sababu linaeleza matatizo mengi ambayo watu huyatupia kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Bomba likiwa na ufa mdogo kabla ya pampu, hamtaona tone lolote chini ya gari. Hewa ndiyo itakayoingia ndani, na injini itakosa nguvu mlimani huku kila kitu kikionekana kikavu. Pampu hii ya chapa ya AC, inayoendeshwa na kemshafti (shafti ya injini inayofungua valvu), ina bakuli la kioo na wenzo wa kupampu kwa mkono, na vitu hivyo viwili vinatosha kufanya uchunguzi: chomoa bomba linalokwenda kwenye kabureta, liingize ndani ya chupa, pampu kwa mkono, kisha utazame kama viputo vinatoka pamoja na petroli. Vikitoka mfululizo, tafuta ufa au nati iliyolegea upande wa tangi, hata kwenye koki ya kuchagulia.

Mipira ya petroli nunua mipya yote, yenye maandishi ya SAE J30 R9 (kiwango cha ubora wa mipira ya petroli) ubavuni, hata kama ni ghali kuliko ile ya kukatwa kwa mita isiyo na maandishi yoyote. Petroli yenye ethanoli hulainisha na kupasua mpira wa kale, na wanaotutazama kutoka Uingereza wanatumia petroli yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli tangu 2021, wakati Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli tangu 1982. Kwa pampu yenyewe, seti ya dayaframu (utando wa mpira unaosukuma petroli) na valvu inatosha, na naipa alama za juu. Pampu ya umeme siipendekezi. Pampu ya asili husukuma kwa shinikizo dogo, kati ya psi (paundi kwa kila inchi ya mraba) 1.5 na 2.5, na nyingi za umeme zinazouzwa kama mbadala huzidi hapo, zikaishinda sindano ya boya inayofunga petroli ndani ya kabureta, na petroli ikafurika juu ya injini yenye moto.

Sasa kabureta. Gari hili lina Zenith 36IV, na ugonjwa wake unajulikana: injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, hutoa moshi mweusi, inakunywa petroli kupita kiasi, na ukizungusha skrubu ya mchanganyiko hakuna kinachobadilika. Chanzo chake mara nyingi ni uso wa kifuniko cha juu kupinda kutokana na joto na kukazwa mno, pamoja na oringi (pete ya mpira) iliyo kati ya kifuniko na bloku ya ndani kukauka, hivyo petroli hupata njia ya mkato isiyopitia kwenye jeti, yaani vitundu vinavyoipima. Tiba yake ni ya gharama ndogo sana: unaweka msasa laini wa maji juu ya kioo kinene, unasugua uso wa kifuniko na wa bloku taratibu mpaka alama ya msasa ienee kote kwa usawa, unaweka oringi mpya na gasketi mpya, na unakaza skrubu kwa zamu bila kutumia nguvu. Seti ya gasketi za Zenith ni bidhaa ninayoipendekeza kuliko zote katika uchambuzi huu, mradi ihakikishwe kuwa oringi hiyo imo, maana baadhi ya seti za bei rahisi hazina. Kabureta mpya za kuiga, ambazo zinavutia kwa mng'ao, sizipendekezi, kwa kuwa miongoni mwa nilizozifungua zimo zilizokuwa na nyuso zisizonyooka tangu kiwandani. Mnunuzi analipa fedha nyingi kisha bado anahitaji kioo na msasa.

Tuhamie kwenye maji. Rejeta ya asili ni ya shaba, imeunganishwa kwa lehemu, na fundi wa rejeta anaweza kuifungua kichwa, kuzibua kila mrija kwa ubapa wa chuma, na kuifunga tena, au kuibadilishia mirija yote akiacha matangi yake ya juu na chini. Rejeta mpya ya alumini ni nyepesi na hupoza vizuri, lakini ikitoboka mbali na mji hutapata wa kuiziba kwa lehemu ya kawaida. Kwa gari linalokwenda porini nachagua shaba bila kusita. Unga wa kuziba matundu msiununue kabisa, kwani hautofautishi tundu linalovuja na mrija uliobanwa, huviziba vyote viwili.

Kabla rejeta haijarudishwa, bloku isafishwe. Fungua koki ya kutolea maji ubavuni mwa bloku. Maji yasipotoka, hiyo ni dalili ya tope lililotulia humo, na inabidi kulichokoa kwa waya na kulisukuma kwa maji kinyume cha mwendo wake wa kawaida mpaka yatoke meupe.

Suala la themostati, yaani valvu inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, linaniuma, kwa sababu katika gereji zetu nyingi ndiyo huwa ya kwanza kutupwa gari likichemsha. Injini hii ina mpira mfupi unaounganisha nyumba ya themostati na pampu ya maji, ili maji yazunguke ndani ya injini wakati bado ni ya baridi. Katika nyumba za aina ya zamani, themostati ina sketi inayoufunga mlango huo injini inapopata moto. Ukiitoa, mlango unabaki wazi daima, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi mlimani. Na likiwa tambarare asubuhi, injini inakaa ya baridi, petroli inalowanisha kuta za silinda na kuchafua oili. Themostati mpya ijaribiwe kwanza ndani ya sufuria ya maji yenye kipimajoto, kisha ifungwe.

Mfuniko wa rejeta unaofaa ni wa psi 9. Kila psi 1 huongeza kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 1.5, na kwa sisi tunaoishi juu, kama Iringa au Nairobi, ambako maji ya wazi huchemka karibu na nyuzi 94 au 95, mfuniko uliolegea unatosha kuleta mvuke bila kosa lingine lolote. Wa psi 15 usifungwe kwenye rejeta ya zamani, utafungua maungio ya lehemu. Kuhusu kulanti, yaani dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ninatumia ya aina ya zamani yenye silikati, nikichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, na ninasoma lebo badala ya kutazama rangi, kwa sababu kila kampuni ina rangi zake. Pampu ya maji ikivuja kwenye tundu dogo chini ya shafti, badilisha. Fremu ya kuelekeza upepo wa feni irudishwe mahali pake, kwani bila hiyo feni huvuta hewa ya pembeni na kuiacha rejeta.

Kipuri cha mwisho ni kidogo sana na wengi hawakijui, nacho ni kidhibiti cha volti 10 kilicho nyuma ya dashibodi, ambacho hulisha geji ya petroli na geji ya joto kwa pamoja. Kikiharibika, au waya wake wa bodi (unaokiunganisha na chuma cha gari) ukishika kutu, geji zote mbili hupanda pamoja, na mwenye gari huanza kubadilisha themostati na pampu za injini isiyo na ugonjwa wowote. Zikipanda pamoja, safisha kwanza waya huo wa bodi, kisha upime volti. Kidhibiti cha zamani huwaka na kuzima, kwa hiyo sindano ya tester itachezacheza. Cha kisasa cha kielektroniki hutoa volti 10 zilizotulia, hakina bei kubwa, na hiki ni kimojawapo cha vipuri vichache visivyo vya mpira wala gasketi ambavyo ninawashauri mvinunue vipya bila kwanza kujaribu kuokoa vya zamani.