Treni ya Wengen na wakala aliyetuaibisha mbele ya watu

Jamani ni muda sasa, kiangazi kimoja hivi, lakini nikikumbuka hasira inanipanda upya. Mama alikuja kunitembelea huku Ujerumani, mama yangu mtu wa Lushoto, nikasema nimpeleke Uswisi na yeye aone milima ya wenzetu. Tukafika Lauterbrunnen, pale ndo unapanda katreni kadogo kanakokwenda Wengen, kijiji ambacho gari haifiki, mizigo, wageni, wanafunzi, wote ni treni.

Swiss Travel Pass, ile pasi ya wageni ya kusafiria Uswisi, nilinunua kwa wakala mmoja, Mswahili mwenzetu, nikamuuliza mara mbili, hii inatufikisha mpaka Kleine Scheidegg kule juu? Akanitumia voisi, "dada we panda tu, umelipia Uswisi nzima."

Kumbe ile pasi inaishia Wengen! Ukipita hapo unapata punguzo tu, tiketi unanunua. Nimekuja kujua kondakta kashasimama mbele yangu, treni inapanda, lile gurudumu la meno linang'ata reli ya katikati mpaka unasikia kwenye nyayo, na mama kabandika uso dirishani anautazama mlima Jungfrau na theluji yake ananiambia, "mwanangu huku kama Usambara, ila ng'ombe wao wana kengele." Kondakta akaanza kunielewesha, watu wakageuka. Furaha ikamtoka mama usoni naiona hivi hivi. Akafungua fundo la khanga, akatoa noti ya elfu kumi ya kwetu, akamnyooshea kondakta, "chukua baba, tusije tukaitwa wezi."

Nililipa kwa kadi huku machozi yananilenga. Kondakta wa watu wala hakuwa na neno, alimrudishia mama noti yake kwa mikono miwili. Nikamwandikia wakala pale pale, jibu lake: "Masharti yalikuwepo, ungesoma." Hata pole hakuna!

Siku ile niliapa sirudi. Sasa naona treni haikunikosea kitu, tena nendeni, yale maporomoko ya Staubbach pale Lauterbrunnen karibu mita 300 maji yakifika chini yameshakuwa mvuke, na Wengen yenyewe hakuna honi, unasikia maji na kengele tu. Ila tiketi nunueni wenyewe dirishani, na mtaje kabisa kituo mnachoshukia.

Wakala simsamehe. Mpaka leo mama akipiga simu ananiuliza, "lile deni la treni ulilimaliza?"