Sinki la kuogea lenye miguu: kabla hujalipia, angalia chini yake

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nimesimama katikati ya masinki mawili ya kuogea. Yote meupe, yote yana miguu minne yenye makucha, na kwenye picha ya simu huwezi kuyatofautisha. Hili la kulia tumelishusha kwenye kirikuu mimi na kijana wangu, watu wawili tu. Lile la kushoto limeshushwa na wanaume sita, na tumepumzika mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Hapo ndipo penye habari yote ya leo.

Mimi ni fundi bomba hapa Arusha. Wateja wananiita wakiwa wamechelewa: sinki limeshalipiwa, limeshafika, ndiyo naulizwa, "Fundi, tunaliweka wapi?" Natamani ningeulizwa mwezi mmoja kabla.

Tuelewane jina kwanza. Wengi husema wanataka jakuzi. Jakuzi lina mota na matundu ya kusukuma maji. Hili halina mota. Ni chombo cha kujaza maji, ukakaa, ukazibua, basi.

Sogeza kamera hapa kwenye mguu. Umeona? Ni kucha limeshika mpira. Umbo hili inaelezwa kwamba asili yake ni China, kucha la dragoni lililoshika lulu, na karne ya 18 mafundi seremala wa Ulaya walilichonga sana kwenye miguu ya viti na meza. Baadaye likaja kwenye masinki. Kule Marekani, mwaka 1883, John Michael Kohler wa Sheboygan, Wisconsin, alichukua hori la chuma la kunyweshea mifugo, akalipaka enameli, akaeleza kwamba ukiliwekea miguu minne linafaa kuogea. Kwa hiyo hiki unachokiona ni cha kifahari kimetoka zizini.

Sasa sikiliza. Nagonga hili la kulia kwa kidole. Du, du. Hiyo ni akriliki, plastiki ngumu iliyoimarishwa kwa faiba. Nagonga la kushoto. Ngeee. Chuma cha kumimina, juu yake enameli. Ukienda dukani beba sumaku ndogo. Ikinasa, ni chuma. Ikidondoka, si chuma, muuzaji aseme atakavyosema. Mama mmoja hapa mjini aliagiza kwa picha, akaandikiwa "chuma halisi", akalipa bei ya chuma. Nilipoweka sumaku ikateleza mpaka sakafuni. Alinyamaza muda mrefu sana, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Enameli unaijua tangu utotoni. Ni ileile ya kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu. Kikianguka, kinabanduka kidoa cheusi, na kutu inaanzia hapo. Sinki liko hivyohivyo. Pitisha kiganja taratibu ndani yote, hasa kuzunguka tundu la kutolea maji, kwa sababu macho hayaoni kila kitu. Usilisugue kwa steelwire wala mchanga, na usimwage asidi ya kusafishia choo. Na kama unanunua la zamani, lililotoka kwenye nyumba za zamani za mashambani, fahamu kwamba enameli za zamani nyingine zilikuwa na madini ya risasi. Likishafifia na kuwa la kukwaruza, usimwogeshee mtoto mpaka lipimwe au lipakwe upya.

Hesabu anza na uzito. Hili la chuma, lenye urefu wa sentimita 152, lina kilo kama 150. Weka maji lita 170, hizo ni kilo 170. Ingia mwenye kilo 80. Jumla kilo 400, yaani mifuko minane ya saruji. Na mifuko hiyo hujaitandaza, umeisimamisha kwenye nukta nne, kila nukta ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kama uko chini, juu ya jamvi la zege lililoshindiliwa vizuri, sina wasiwasi. Kama ni ghorofani, au sakafu ya mbao, mwite mhandisi aliyesimamia nyumba yako kabla hujalipa. Simwachii fundi bomba jambo hilo, hata mimi mwenyewe.

Jambo jingine la miguu: ipime kwa pimamaji. Niliwahi kuitwa nyumba moja, tailizi limepasuka chini ya mguu mmoja wa nyuma. Nikapitisha karatasi chini ya mguu wa mbele, ikapita bila kugusa. Sinki lilikuwa limesimama kwa miguu mitatu, na tailizi ndilo lililolipa. Na ukinunua la zamani, hakikisha miguu yote minne ipo na ni yake. Kila mtengenezaji alikuwa na mkato wake wa kuingizia mguu. Wa sinki jingine mara nyingi haukai.

Halafu maji moto. Hapa ndipo watu wanaumia, na mimi nawaonea huruma kweli. Shawa ya umeme haijazi sinki. Nimepima juzi kwa ndoo ya lita 20: dakika tano. Lita 150 ni zaidi ya dakika 35, na ukifika mwisho, maji ya mwanzo yameshapoa. Unahitaji hita ya tanki. Ya lita 50 ikiwa na maji ya nyuzi 60, ukichanganya na lita 50 za baridi ya nyuzi 20, unapata lita 100 za nyuzi 40. Mtu mzima kwenye lita 100 mapaja yanafunikwa, mabega yanabaki nje. Mimi nashauri hita ya lita 100 kwenda juu, na kabla ya hapo ujue tanki lako la akiba linajaa mara ngapi kwa wiki. Kama mtaa wenu maji yanatoka siku mbili, sinki linaweza kusubiri.

Chuma mwanzoni kinanyonya joto. Ukimimina maji moto, mgongo wako bado unakutana na ubaridi. Dawa yake ni kutanguliza maji moto kidogo, yakae dakika chache, ndipo ujaze. Kikishapata joto kinalishika muda mrefu. Akriliki haina ubaridi huo tangu mwanzo.

Umbo ni la kuonja mwenyewe. Vua viatu, ingia, lala. Usione aibu ya muuzaji. Lenye mgongo mmoja ulioinuka ni la mtu mmoja anayependa kuegemea, na koki zinakaa upande wa miguu. Lenye migongo miwili lina koki katikati, kwa hiyo mwambie fundi wako mapema mabomba yatokee wapi sakafuni. Mabomba haya yanaonekana, hayajifichi ukutani, kwa hiyo yakipindwa ovyo utayaona kila siku. Acha nafasi ya mkono kuzunguka pande zote ili mtu apige deki chini yake.

Na wazazi wetu wazee. Ukingo huu unafika kama sentimita 60, na sinki limesimama peke yake, hakuna ukuta wa kushika unapotoka ukiwa umelowa. Kama mama au baba anaishi nawe, muwekee bafu la shawa lenye mshikio. Hapo sibishani na mtu.

Kwa hiyo mimi ningenunua lipi? Dar au Tanga, akriliki, kwa sababu kwa joto la pale hutalala kwenye maji moto mara nyingi. Iringa, Njombe, Mbeya, hapa Arusha mwezi wa saba, nyumba ya chini, hita kubwa, mfuko ukiruhusu: hili la kushoto, bila kusita. Ghorofani, akriliki.

Kabla hujatoa hela, chukua futi upime mlango wa bafu, korido, na kona ya kuingilia. Hili la chuma lilibaki barazani nusu saa hadi tulipong'oa fremu ya mlango. Sasa kijana wangu anafungulia maji, tuangalie kama kiungo cha chini kinavuja. Sogeza taa hapa, karibu na tundu. Kikavu.