Mtoto atakaa wapi tukila kambini? Viti vya kulia vya wadogo, kuanzia ninachokiamini zaidi

Asubuhi kambi ya Simba, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, baridi haina mchezo. Pale uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na majani yanalowa umande kana kwamba mvua imenyesha usiku kucha. Mwanangu wa kwanza alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne tulipompeleka huko. Uji wake ulikuwa tayari, bakuli liko mkono huu na yeye yuko mkono ule, ndipo nilipoona kwamba katika mzigo wote tuliopakia, hema, magodoro, mtungi wa gesi, deli la barafu, hapakuwa na kitu cha kumkalisha. Nikimweka chini, analowa. Nikimwachia, anakimbilia kamba za mahema. Uji ulipoa, akala vijiko vitano, na njia nzima ya kushuka kreta alilia njaa.

Tangu siku hiyo tumelala kwenye hema na watoto wawili Mikumi, Lushoto, Seronera na Saadani, na viti vya kila aina vimepita mikononi mwangu: vipya, vya mtumba, na vya kuazima kwa shemeji aliyerudi navyo kutoka Ujerumani. Ninayoandika hapa yanamhusu mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, yule anayekaa mwenyewe bila kuegemezwa lakini hatulii.

Msimamo wangu ni mmoja: kambini, kiti kizuri ni kile kilicho karibu na ardhi. Nyumbani tunataka mtoto afikie meza, na sakafu ya vigae imelala sawa. Kambini ardhi ina mawe, mizizi na mteremko, na meza ni ya kubahatisha: mara ya zege, mara ya kukunja, mara hakuna kabisa. Mtoto akipinduka kutoka sentimita ishirini atalia, utamfuta vumbi, ataendelea kula. Akipinduka kutoka kimo cha meza na chini kuna jiwe, safari inageuka kutafuta hospitali, na kutoka mbugani hospitali iko mbali.

1. Kiti kifupi cha kukunja chenye trei yake

Hiki ndicho ningemnunulia mdogo wangu leo. Kina miguu mifupi inayofunguka kwa upana, kalio la kitambaa au plastiki, mkanda unaopita kiunoni na katikati ya mapaja, na trei ya mbele. Kikikunjwa kinaingia kwenye mfuko wake, ukubwa wa mto mdogo. Hiccapop ya Marekani hutengeneza kimoja cha kitambaa kinachojulikana sana na wazazi wanaosafiri. Vipo pia vya plastiki tupu, ambavyo hujikunja kama mkoba na kusafishika kwa maji ya kikombe kimoja.

Uzuri wake ni kwamba hakidai meza. Unatandika mkeka, unaweka kiti, unamfunga mkanda, trei inakuwa meza yake. Mkifika mahali penye kiti cha watu wazima, kile kile kinafungwa juu yake kwa mikanda miwili, mmoja mgongoni na mwingine chini ya kalio. Asubuhi anakula uji mkekani, jioni anakaa pamoja nanyi mezani.

Ukikishika dukani, au ukikiangalia kwenye picha kabla ya kuagiza, anza na nyayo za miguu. Miguu yenye ncha nyembamba kama bomba huzama mchangani. Saadani kiti cha kuazima kiliinamia upande mmoja kabla hata sijamaliza kumfunga mtoto, nikalazimika kukatia kila mguu kipande cha ubao. Nyayo pana na bapa hazina shida hiyo. Halafu angalia mkanda wa katikati ya mapaja. Wenye kupita kiunoni peke yake haumzuii mtoto kuteleza chini ya trei, na akiteleza, kidevu ndicho kinachonasa. Trei iwe na ukingo ulioinuka, maana kwenye mteremko bakuli hutembea, na iwe ya kutoka, ili uioshe bila kubeba kiti kizima hadi bombani.

Kasoro zake nimeziona. Cha kitambaa hunywa uji kwenye mishono na hakikauki haraka penye ukungu kama Lushoto. Bei nayo ni ya makumi ya dola hukohuko kinakotoka, kabla hujalipia usafiri. Madukani kwetu si kitu cha kukuta kila siku. Wengi tunaagiza mtandaoni au tunamwomba ndugu anayerudi atuletee. Na ukikaa chini unakaa na wadudu: kabla ya kutandika mkeka zunguka eneo ukitafuta njia ya siafu, na usiku taa ikae mbali na mkeka.

2. Kiti cha plastiki cha watoto, na mkanda wa fundi mabegi

Vile viti vidogo vya rangi vinavyopangwa kwa minara nje ya maduka ya vyombo. Changu nilikinunua shilingi 12,000. Kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja na nusu, anayekaa na kuinuka mwenyewe, nakiweka juu ya viti vingi vya bei mbaya. Miguu yake imetawanyika, nyayo za mtoto zinakanyaga chini, na akikanyaga chini hutulia zaidi kuliko akining'iniza miguu. Deli la barafu likiwekwa mbele yake ni meza ya kimo kinachofaa.

Kilichokosekana ni mkanda. Nilikipeleka kwa fundi anayeshona mabegi, nikamwonyesha nataka nini: mkanda mpana wa begi unaozunguka mgongo wa kiti na kupita kwenye matundu ya mgongoni, mwingine unaopanda katikati ya mapaja, vyote vikikutana kwenye kifungio kimoja cha begi la shule. Alivishona kwa uzi wa nailoni, mishono ya msalaba, nusu saa akamaliza. Mkanda huo ni wa kumkumbusha mtoto akae, kwa hiyo mtu mzima asiondoke pembeni yake hata hatua mbili. Kiti chenyewe ni chepesi na mtoto mwenye nguvu anaweza kusimama nacho mgongoni.

Kabla ya kulipa, kikalie kwa kiganja chako, ukikandamiza kwa uzito wako wote na kukitikisa. Plastiki hafifu hupinda miguu, na iliyokaa juani dukani miezi mingi hupasuka pale mguu unapoungana na kalio.

3. Kiti kirefu cha turubai

Hiki hufunguka kama viti vya watu wazima vya kambini, vile vya mabomba na kitambaa, ila mtoto anakaa juu na ana trei. Ciao! Baby ndilo jina linalotajwa zaidi. Penye ardhi iliyolala sawa na nyasi fupi kinapendeza sana, kwani mtoto anawaona wote usoni, na umande na siafu viko mbali naye. Mama mkwe wangu, ambaye magoti hayamruhusu kuinama, alimlisha mjukuu kwenye kiti hiki siku tatu bila kulalamika. Kwa bibi na babu ndicho cha kuchagua.

Mimi hakinifai kwa sababu ya mteremko na upepo. Uzito wa mtoto uko juu, mguu mmoja ukipata shimo la panya kiti kinaegama. Na kikikunjwa ni kirefu, kinakula nafasi ya hema kwenye buti.

4. Kiti cha kunasa mezani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndicho wazazi wengi wanachonunua wakidhani kinafaa kambini. Hakina miguu. Kina mikono miwili inayobana ubao wa meza, juu na chini, na mtoto ananing'inia akiwa usawa wa sahani. Inglesina Fast ni mfano maarufu. Ni chepesi, kinakunjika bapa, na kwenye meza nzito ya mbao mgahawani sina neno baya juu yake.

Tatizo ni meza. Kiti hiki hakina usalama wa kwake chenyewe, kinaazima wa meza. Meza ya kukunja ya alumini ni nyepesi kuliko mtoto: ukimtundika upande mmoja, miguu ya upande wa pili inaanza kupanda. Nimeiona kwa macho yangu Mikumi. Tulikuwa tumeshambana mtoto, chai iko kwenye chupa, sufuria ya maharage katikati. Baba yake aliegemea meza upande wa pili akipakua. Alipoinuka kufuata kijiko, sufuria ilianza kuteleza polepole kuelekea kwa mtoto. Niliidaka kwa kanga. Vidole vyangu viliungua, mtoto hakuguswa. Vijitabu vya viti hivi hukataza meza za kioo, za mguu mmoja na nyepesi za kukunja, na pia hukataza kubana juu ya kitambaa cha meza. Tulikuwa na kijitabu, hatukukisoma.

Meza za zege za kambi za umma nazo zina shida yake: ubao mara nyingi ni mnene kuliko mdomo wa kibano, au ukingo wake umemomonyoka. Kinunue tu kama unajua meza utakayoikuta ni nzito, ya mbao, yenye miguu minne. Hata hapo, kaa upande ule ule wa mtoto, na kiti cha mtu mzima kisiachwe chini ya miguu yake, maana atakikanyaga, atajisukuma, na kibano kitachomoka.

5. Kiti cha sponji

Bumbo, cha Afrika Kusini, na vinavyofanana nacho. Hiki ni cha mtoto mchanga zaidi, anayeanza tu kukaa. Wa mwaka mmoja na nusu mapaja yake hayaingii, na akiingia hujichomoa kwa kujipinda mgongo. Mwaka 2012 takriban viti milioni 4 vya Bumbo vilitangazwa nchini Marekani kuwa visitumike hadi viongezwe mkanda, baada ya watoto kuanguka kutoka vilipokuwa vimewekwa juu ya meza na kaunta. Ukipewa cha zamani kisicho na mkanda, usikichukue.

Mapaja ya mama na mkeka havinunuliwi, ndiyo maana sikuvipa namba. Kwa mlo mmoja vinatosha. Kwa siku nne, mama hali chakula cha moto hata mara moja, na mtoto anazoea kula akitembea. Hilo la kutembea ndilo linaloniogopesha zaidi. Mtoto anayekula huku anakimbia hupaliwa kirahisi, hasa na karanga nzima, bisi na zabibu ambazo hazikukatwa. Kiti, hata cha shilingi 12,000, kinamfanya akae wima na atafune.

Mambo mawili yasiyoandikwa kwenye boksi

La kwanza ni jiko. Kiti cha chini kinamweka mtoto usawa uleule wa jiko la gesi na sufuria. Mimi hupima hatua tano za mtu mzima kutoka jikoni, kiti kikilitazama jiko, ili mpishi na mtoto waonane. Mtoto akigeuziwa mgongo hujipinda kumtafuta mama, na hapo ndipo kiti kinapopinduka. Sufuria ya moto haiji mkekani kamwe. Chakula kinapakuliwa kulekule na kuletwa kwenye bakuli.

La pili ni wanyama. Trei yenye chakula mbele ya mtoto ni mwaliko. Ngoitokitok, ndani ya kreta, mwewe hushuka kutoka nyuma na kunyakua chakula mkononi kabla hujasikia mbawa. Mwanangu wa pili alinyang'anywa chapati pale, ukucha ukampitia kidoleni. Pale watoto wale ndani ya gari, kiti kibaki kimekunjwa. Penye nyani na tumbili kaa kati ya mtoto na miti, na trei isibaki na makombo hata dakika moja baada ya mlo.

Ukinunua cha mtumba au cha kuagiza

Viti vya Ulaya huwa na namba za viwango: EN 14988 kwa viti virefu vya watoto, EN 1272 kwa vya kunasa mezani. Namba hizo huigwa pia kwenye bidhaa bandia, kwa hiyo iamini mikono yako. Fungua na ufunge kifungio mara kumi. Kikikwama au kikiachia chenyewe mara moja, rudisha. Vuta mkanda pale ulipoingia kwenye kitambaa ukitazama kama mshono unafunguka. Pitisha kidole kwenye bawaba zote ukiwaza kidole cha mtoto, halafu tafuta kile kitasa kinachozuia miguu isijikunje mtoto akiwa amekaa. Kwenye mitumba nimekuta viti vizuri kabisa ambavyo kitasa hicho kilishavunjika, na hakitengenezeki. Angalia pia kikomo cha uzito kilichoandikwa chini ya kalio. Vingi vinaishia karibu na kilo 15, na mtoto wa miaka mitatu mwenye afya anaweza kuwa ameshafika hapo.

Siku ya kuvunja kambi, osha kiti kabla hujakunja hema, si baada ya kufika nyumbani. Toa kitambaa, geuza mishono nje, kwangua uji uliokauka kwa mswaki wa zamani, kisha kianike juu ya boneti wakati mnapakia mengine. Tuliwahi kukifungia na mabaki ya ndizi kwenye mfuko, na kufika kambi ya pili sisimizi walikuwa wameshajaa hadi kwenye magodoro.