Nimeachana na app, najaziwa flash library: uzoefu wangu mimi mtu wa lingala na za zamani

Nimechoka kuulizwa kila mara "aunti hizi nyimbo unatoa wapi", basi leo naandika mara moja tu. Sitoi kwa app ya muziki ya simu. Kuna library moja, yaani kiduka cha kunakili muvi na nyimbo, karibu na Old Taxi Park, Kampala, kijana ako na kompyuta mbili na feni inayopiga kelele, kazi yake kubwa ni muvi za kina VJ, wale wanaotafsiri muvi kwa sauti yao juu yake, lakini ukimpa flash anakujazia na nyimbo, elfu tano kwa GB 8, elfu nane kwa GB 16, na kama unataka kuchagua wimbo mmoja mmoja mwenyewe umekaa hapo pembeni yake ni mia mbili kila wimbo. Mimi huwa nakaa. Jina la duka sitaji, manake nina mazuri na mabaya ya kusema na bado nataka aendelee kunijazia.

Kwanza mjue mimi ni msikilizaji wa aina gani. Mimi ni fundi nguo, niko kibarazani Kisenyi tangu saa mbili asubuhi mpaka giza, na tuko wanne hapo kila mtu na masikio yake. Mimi nimezaliwa Kasese, karibu na mpaka, kwa hiyo lingala, yaani muziki wa Kongo, nimenyonya nayo, redio za ng'ambo ya pili zilikuwa zinaingia mpaka jikoni. Kuna mama Mnubi wa Bombo anataka doluka, ngoma ya kwao Wanubi, na taarabu, kuna dada wa Gulu, halafu kuna kijana wa vifungo na zipu ambaye kwake wimbo wa mwaka jana ni wa wazee. Tunaongea Kiswahili manake Luganda yangu imejaa Kasese na ya dada wa Gulu ndio usiseme. Redio ni moja, ile spika ndogo ya kuchomeka flash, haina skrini, ina vibonyezo vinne tu, na hiyo ndiyo inatuhukumu wote.

App nilijaribu, tena ile kubwa ya nje ambayo kila mtu anaisifia, nikakaa nayo muda wa kutosha. Shida ya kwanza ni bando. Ukisikiliza kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 96, saa moja inakula kama MB 43, ukipandisha mpaka 160 inafika MB 72, sasa mtu anayesikiliza masaa kumi kwa siku piga hesabu, ni MB 430 hapo hujafungua WhatsApp. Na bando letu lina kodi ya asilimia 12 juu yake tangu Julai 2021, walipotoa ile ya OTT, kodi ya mitandao ya kijamii, ya mia mbili kwa siku wakatuwekea hii, kwa hiyo wewe unasikiliza Franco wa Kongo na serikali inasikiliza pamoja nawe. Kupakua ili usikie bila intaneti, lazima ulipie kila mwezi, na ukiacha kulipa nyimbo zote zinafunga mlango.

Lakini hata bando ningevumilia, kilichonishinda ni mapendekezo. Niliandika rumba ikaniletea magitaa ya Uhispania. Nikaweka Madilu System, naye wa Kongo, baada ya nyimbo chache ikaanza kunichomekea za Naijeria, nzuri sikatai, lakini nani amekuomba? Kadongo kamu, zile za Kiganda za gitaa na kisa, ndio kabisa, ikawa inanipa zilezile tatu nne kila siku, wakati hapa Uganda mtu yeyote wa makamo anajua Paul Kafeero ameacha kazi nyingi kabla hajafa 2007, na Herman Basudde aliyetutoka 1997 naye hivyo hivyo. App haijui. Kijana wa library hajawahi hata kumaliza wimbo mmoja wa Basudde, anapenda dancehall, lakini anajua wazee wanaokuja kwake wanaomba nini, na akijaza ya mzee mmoja inabaki kwenye kompyuta yake kwa ajili ya mwingine. Hivyo ndivyo hazina yake imekua, kwa flash za wateja, mzee analeta flash imejaa vitu vya ajabu alivyonakili Masaka huko, kijana anavuta vyote kabla hajaweka vyake.

Sasa nije kwenye lingala, hapa ndipo nina maneno.

Wimbo wa rumba unajua unaanza taratibu, waimbaji wanalalamika mapenzi, watu wanaendelea na kazi zao, halafu waimbaji wananyamaza na magitaa yanashika usukani, lile la kusindikiza chini, la solo juu, na lile la katikati wanaloita mi-solo linalojaza nafasi, hiyo sasa ndiyo sebene, na mimi sebene ikiingia mguu wangu kwenye cherehani unaongeza mwendo wenyewe, nimevunja sindano kwa sababu ya hiyo kitu, wateja wangu wanajua. UNESCO waliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha yao Desemba 2021, Kongo zote mbili, sawa, asanteni, sisi wa mpakani tulikuwa tumeshaiorodhesha zamani.

Shida ni hii. Nyimbo za miaka ya 60 na 70 zilitoka kwenye zile sahani ndogo za santuri, upande mmoja hauwezi kubeba dakika nyingi, kwa hiyo wimbo mrefu waliukata, sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B, na mara nyingi sebene yote iko upande B. Walioziingiza kwenye kompyuta walifanya faili mbili, na miaka imepita watu wamenakili ile ya kwanza wakaacha ya pili. Kwa hiyo kwenye flash yangu nina nyimbo za OK Jazz, bendi ya Franco, ambazo zinaisha palepale gitaa linapokohoa kuanza. Banange! Unakaa umeinua mguu, unasikia wimbo mwingine umeingia. Nimemwonyesha kijana, nikamwambia kijana wangu tafuta faili zenye jina hilohilo na namba mbili mwisho, akatafuta, zingine alikuwa nazo kabisa zimelala kwenye folda nyingine inaitwa "Mixed 3", zingine wapi, hazipo. Za miaka ya 80 hazina taabu hiyo kwa sababu LP upande mmoja ulibeba dakika ishirini hivi, ndio maana Franco wa mwisho mwisho, kabla hajafariki Oktoba 1989, anaweza kukusimulia kisa robo saa bila kukatwa.

Jambo la pili ni ubora wa sauti, na hapa nawafundisha kitu ambacho nimekifanya mazoea: angalia ukubwa wa faili kabla ya kukubali. MP3 ya kilobiti 128 ni karibu MB moja kwa kila dakika. Wimbo wa dakika kumi ukikuta ni MB 9 au 10 chukua. Ukikuta dakika kumi ni MB 4 kataa hapohapo, hiyo imebanwa mpaka magitaa yanasikika kama yanakaangwa, na ukishabana huwezi kurudisha, hata akikwambia "aunti hii nimeipandisha mpaka 320" ni kuongeza uzito tu bila sauti. Kijana mwanzoni alinuna nikianza kukagua ukubwa, siku hizi ananifungulia mwenyewe ile safu ya size ananiambia "aunti chagua, usinitukane kesho".

Folda zake sasa, eeh, hizo ni vichekesho. Folda ya "Lingala" ukiifungua kuna Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, kuna Marijani Rajab, kuna Les Wanyika, wote wanaimba Kiswahili kisafi kabisa, lakini kwake gitaa likilia ni lingala. Remmy Ongala naye yumo, huyo tumsamehe, angalau alizaliwa Kongo kabla ya kuhamia Tanzania. Samba Mapangala naye, huyo alipitia hapahapa Kampala miaka ya 70 kabla hajaenda Nairobi, na anaimba Kiswahili tamu mpaka mama Mnubi anaacha kushona. Folda ya "Luo" imechanganya Waacholi, Walango na benga ya Wajaluo wa Kenya, D.O. Misiani yumo katikati ya arusi za Gulu. Dada wa Gulu alikasirika kweli. Yeye anataka larakaraka, zile za vijana wa arusini wanapiga vibuyu kwa spoki za baiskeli, ukisikia mara moja huwezi kusahau ule mlio, mkavu, wa haraka. Kumbe kijana anazo pia zile za kina Otim Alpha ambazo mdundo wa arusi umetengenezwa kwa kompyuta, albamu ya 2017 ambayo hata Wazungu wanaicheza huko kwao, imekaa kwenye folda inaitwa "DJ". Kwa uamuzi wangu mimi hiyo ndiyo kitu kipya zaidi nilichopata pale, ina kasi ambayo mtu mzima lazima akae chini, na hakuna app ilishawahi kuniletea.

Taarabu anazo chache na nyingi ni za kisasa, mama Mnubi hakuridhika. Doluka hana kabisa. Bongo fleva anazo zote mpaka za jana jioni. Za Chameleone za mwanzo mwanzo, alivyokuwa Nairobi na studio ya Ogopa, anazo na zina sauti safi, hizo ndizo tunaelewana kibaraza kizima, kijana wa vifungo na mimi pamoja. Krismasi anazo za Philly Lutaaya, lakini nani hana, Desemba Uganda hii hata usipozitaka zitakufuata kwenye teksi.

Mabaya sasa. Nyimbo mpya nyingi anazitoa kwenye mtandao, kwa hiyo jina la tovuti limegandishwa mbele ya jina la wimbo, na zingine katikati anatokea DJ anapiga kelele anajitaja jina, unaimba unafika korasi, DJ huyo. Ukimwambia anasema ndivyo ilivyokuja. Pia mara moja flash yangu ilirudi na virusi, faili zote zikageuka vijialama vya shortcut, akasafisha bure lakini nusu siku tulishona kimya. Tangu hapo nakala ya nyimbo zangu iko kwenye memori kadi nyumbani.

Na kuna hili la wanamuziki. Elfu nane yangu hakuna shilingi hata moja inamfikia mwenye wimbo, sheria ya hakimiliki ipo tangu 2006 na library zipo palepale mchana kweupe. Sina jibu la kuwapa. Kwa walio hai mimi naenda kwenye shoo nalipa mlangoni, bendi ya Afrigo kwa mfano wako jukwaani tangu 1975 na Moses Matovu bado anapuliza saksafoni, hapo pesa yangu najua imeenda kwa nani. Kwa waliokufa sijui nimlipe nani, na watoto wa Kafeero hawakai library.

Kama mtajaribu, fanyeni hivi. Mwambie aiformati flash FAT32, hizi spika za bei rahisi nyingi hazisomi zingine. Sisitiza MP3, akikuwekea M4A spika itaziruka kama hazipo. Na hii ndiyo watu hawajui, spika zisizo na skrini kama yangu hazifuati alfabeti, zinacheza kwa mpangilio ule faili zilivyonakiliwa, iliyoingia kwanza inalia kwanza. Kwa hiyo mimi namwambia kijana anakili kwa zamu, asubuhi kadongo kamu manake ni gitaa moja na kisa kirefu, mteja anakaa anasubiri mwisho wa kisa na wewe unamaliza suruali yake, mchana zinafuata za dada wa Gulu tusisinzie baada ya posho, yaani ugali, saa kumi lingala mpaka kufunga. Kijana wa vifungo nimempa nusu saa kabla ya chakula, analalamika, ana simu yake avae earphone.

Kwa ujumla nampa nyota nne kwa aina za muziki na mbili kwa usafi wa faili. Muvi sijui, siangalii.

Na kama kuna mtu hapa Kampala au hata Mbarara ako na OK Jazz zilizotolewa kwenye sahani zenyewe, sehemu ya pili zikiwemo, faili nzito nzito, aniandikie. Nauli natoa mwenyewe na nguo moja nakushonea bure.